Karatasi za Kisima cha Mzee Gharib

Kila Jumamosi Zuleikha alikuwa na kazi tatu kabla ya kuruhusiwa kucheza: kufagia ua, kujaza mtungi maji, na kumsomea bibi yake, Bi Mwanatumu, chochote alichotaka kusomewa. Macho ya bibi yalikuwa yameingia ukungu. Zuleikha alikuwa na miaka kumi na miwili, alisoma darasa la sita mjini Malindi, na katika chuo cha Kurani alikuwa amekwisha kuhitimu msahafu. Herufi za Kiarabu hazikumpiga chenga.

Jumamosi moja ya mwaka 1986, bibi alimwekea mbele furushi la karatasi kuukuu alilolitoa kashani.

"Leo baada ya alasiri Maalim Farjallah anazika kando ya msikiti kurasa za misahafu iliyochakaa," bibi alisema. "Maandiko yenye jina la Mungu hayatupwi jaani, wajua. Lakini humu mna na karatasi za wazee wangu, nami sizioni. Zipitie moja moja. Za msahafu zitie katika kitambaa cheupe, zilizobaki nirudishie."

Nje wenzake walikuwa wameshaanza mchezo wa rede. Zuleikha alizitazama tatu za juu. Zilikuwa za msahafu. Ya nne ilikuwa na wino wa hudhurungi na neno lililofanana na "kisima", lakini mpira ulikuwa unarushwa na zamu yake inapita. Akazifunga zote pamoja.

"Umezipitia zote?"

"Zote, bibi. Ni msahafu mtupu."

Bibi akamwamini. Kwa nini asimwamini? Huyo ndiye aliyekuwa macho yake.

Maalim akapita kulichukua furushi. Mchezo ulipokwisha, Zuleikha alikwenda maktaba kurudisha kitabu. Mkutubi, Bwana Dzombo, mtu wa Tezo, alikuwa na kabati la vioo aliloliita Kabati la Malindi. Humo aliweka picha za zamani, barua, na nyimbo za harusi alizoziandika mwenyewe kutoka midomoni mwa vikongwe. Vitu hivyo havikuazimwa. Vilisomwa papo hapo, tena kwa mikono iliyooshwa.

"Hebu njoo, msomi wa chuoni," Bwana Dzombo alimwita. "Mzee mmoja wa Mambrui kaniletea karatasi hii. Ni Kiarabu?"

Zuleikha aliinama. "La. Herufi ni za Kiarabu, lakini maneno ni Kiswahili. 'Mwaka wa ndui tulizika watu...'"

"Kumbe! Mzee alisema zilikuwa nyingi. Jamaa zake walizidhania za msahafu, wakazizika. Habari za kijiji kizima zimeliwa na mchanga."

Zuleikha aliikumbuka ile karatasi ya nne. Adhana ya alasiri ilikuwa imepita zamani. Aliondoka mbio hata hakuaga.

Alipofika kwenye lango la msikiti, furushi lilikuwa limo shimoni na Maalim Farjallah ameshika koleo.

"Shikamoo, Maalim! Usifukie! Nimesema uongo!"

Wanaume waliotoka kusali waligeuka wote. Masikio yalimwaka kwa aibu, lakini hakuondoka.

"Marahaba. Uongo gani, mwanangu?"

"Sikuzipitia. Huenda mna karatasi za wazee."

"Huenda?" Maalim alitikisa kichwa. "Furushi hili ni amana ya Bi Mwanatumu. Yeye kanambia ni misahafu. Silifungui ila kwa neno lake. Nenda kamwite, nakungoja."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Zuleikha iliishia mlangoni kwa bibi yake mwenyewe. Alisema yote, hata habari ya rede. Bibi hakumgombeza. Alivaa buibui, akachukua mkongojo, akamshika bega. Afadhali fimbo, Zuleikha aliwaza.

Furushi lilifunguliwa juu ya mkeka nje ya lango. Zuleikha alisoma karatasi moja baada ya nyingine, magoti yakimuuma.

"Jua linakuchwa," Maalim alisema. "Hazitoshi hizo?"

"Bado, Maalim. Safari hii nazipitia zote."

Alipata kumi na moja zisizo za msahafu. Akaanza kusoma kwa sauti: "'Hii ni hati ya Gharib bin Mahadhi, ya kisima cha mtaa wetu, na hawa ndio waliokichimba...'" Majina yalifuatana, ya waungwana na ya vibarua. "'Na Kuluthumu binti Gharib, mtoto wa miaka saba, alibeba mchanga kwa kichwa siku zote, asichoke.'"

Bibi alimkamata mkono. "Rudia."

Alirudia.

"Huyo ni mama yangu," bibi alisema huku akilia. "Alikufa mimi sijaota hata jino. Sijapata kusikia habari yake ila kwamba alikufa."

Jumatatu bibi alizikabidhi karatasi kwa Bwana Dzombo kwa mkono wake mwenyewe. Kwa Jumamosi sita Zuleikha alikaa maktaba akizinakili kwa herufi za shuleni, kila mstari akiuhakikisha mara mbili. Wenzake walimwita kwenye rede mpaka wakachoka. Nakala ilipokamilika, alimleta bibi mbele ya kabati akamsomea yote.

"Uongo wako ulikuwa wa neno moja tu, mjukuu wangu," bibi alisema. "'Zote.' Neno hilo lilikuwa limzike mama yangu mara ya pili. Ukiaminiwa kuwa macho ya mtu, tazama kweli. Na kama hukutazama, sema hukutazama, hata kama ni mbele ya msikiti mzima, kama ulivyofanya."

"Nimesikia, bibi."

"Haya. Sasa nisomee tena pale pa mchanga."