Mipira Iliyokunywa Jasho

Sogeeni, wanangu, sogeeni. Mwenye kikohozi akohoe chote sasa. Nikishaanza sitaki kusikia hata kucha ikikwaruza mkeka. Na mikono yenu iwekeni mapajani, niione.

Palikuwa na fundi pikipiki, mikono mizito kama nyundo, lakini ikishika skrubu utadhani inamtoa mtoto mwiba. Alikuwa na binti mmoja tu, mrefu mpaka majirani wakamwita Mlingoti. Kazi yake binti ilikuwa kupeleka vifurushi miji ya mbali, juu ya pikipiki kubwa ya safari yenye masanduku mawili ubavuni. Siku moja alirudi amejikunja kama ndoano.

"Baba, mgongo umekwisha. Usukani huu walimtengenezea kuku."

"Usukani hauna neno. Mlaumu mama yako, alikuwa akikumwagilia maji kila asubuhi."

"Urefu huo ni wa ukoo wenu!" mama akapiga kelele kutoka jikoni. "Usinisingizie!"

Wakacheka wote watatu. Kicheko hicho kikumbukeni.

Ukutani mwa gereji ulining'inia usukani mrefu, wenye pembe za kuinuka, ulioletwa na muuza vyuma chakavu. "Mwenyewe hautaki tena," alisema yule mtu, akaondoka bila kungoja chai.

Sasa, gereji ile ilikuwa na sheria moja, aliyoiacha marehemu mwalimu wa fundi: usukani uliokwisha kutumika usifungwe kabla mipira yake ya kushikia haijakatwa na kuchomwa moto. Chuma hakikumbuki kitu, alisema mzee yule, lakini mpira hunywa jasho la mtu. Fundi aliijua sheria. Ila mipira ile ilikuwa mizima, laini, imekibana chuma kama ngozi. Akaona uchungu kuichana. "Mambo ya wazee," akasema, akaendelea na kazi.

Akaufungua usukani mfupi wa pikipiki, akaweka ule wa ukutani, akapitisha waya mrefu wa klachi na wa mafuta, bomba refu la breki, akakaza bolti nne. Kisha akamwambia binti apande, afumbe macho, anyooshe mikono. Mikono ikaenda yenyewe kwenye mipira, haikutafuta.

"Mbona ina joto?"

"Jua hilo," fundi akajibu.

Lakini pikipiki ilikuwa kivulini tangu asubuhi.

Binti alitoka kuijaribu, akarudi chakula kikiwa mezani. Akaketi. Mikono yake ikabaki juu, usawa wa mabega, vidole vimekunjwa.

"Shusha mikono, mwanangu, ule," mama akasema.

"Nimeishusha, mama."

Fundi akacheka, lakini safari hii alicheka peke yake. Akaishika mikono ya bintiye aiteremshe. Ilikuwa kama kuvuta mhimili wa nyumba. Hapo ndipo ilipomfikia harufu: mpira ulioungua, na tope la mtaroni.

"Baba," binti akanong'ona, "kuna mtu nyuma yangu. Tangu kona ya kwanza. Ameweka mikono yake juu ya mikono yangu. Anasema hajafika."

Na kule gereji, wanangu, pikipiki ambayo ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwa fundi, na fundi mwenyewe akiupapasa kuhakikisha, ikakohoa mara moja, ikanyamaza, ikakohoa tena kama mtu anayesafisha koo kabla ya kubisha hodi, kisha ikanguruma, na kwa kila ngurumo kiwiko cha kulia cha binti kikashuka kidogo na kupanda, naye akainuka kitini bila kutaka, miguu ikiburuta, machozi yakimtiririka, akaelekea mlangoni kama anayevutwa kwa kamba, na mama yake amemkumbatia kiunoni akiburutwa naye.

Fundi akakimbia nyumba ya tatu, kwa mjane wa mwalimu wake. Bibi yule hakuwa na tunguri wala kibao mlangoni. Alikuwa na masikio na kumbukumbu, basi.

"Mipira uliichoma?" akauliza kabla hajaamkiwa.

Fundi akatazama chini.

"Nilijua una kichwa kigumu, sikujua kuwa ni kitupu. Hilo ni jini la njiani. Hupanda na msafiri. Msafiri akianguka, hubaki kwenye jasho lake likingoja mwingine. Chukua kisu chako. Aliyeifunga ndiye atakayeikata."

Walimkuta binti yuko juu ya tandiko la pikipiki, na mama amelala chini mbele ya gurudumu. "Pita juu yangu kwanza!" alikuwa akilia. "Pita juu yangu!"

"Wewe uliye nyuma," bibi akasema polepole, "shuka. Huyu si wako."

Sauti ikatoka kinywani mwa binti, nzito, imejaa vumbi. "Sijafika. Nipeni mikono."

Bibi akamgeukia fundi.

"Chukua yangu," fundi akasema. "Mwanangu ana safari ndefu. Mimi yangu imebaki fupi."

Akachana mpira wa kushoto, akachana wa kulia. Likatoka humo jasho la uvuguvugu, likamchuruzikia hadi viwikoni. Vidole vya binti vikafunguka, injini ikazima. Mipira waliichoma uani, lakini moshi wake ulikataa kupanda. Ukatambaa chini ukimfuata fundi miguuni.

Aliishi miaka sita zaidi. Kila mwaka mikono yake ilipanda kidogo, mpaka mkewe akawa anamlisha. Alipokufa haikushuka, ikabidi seremala aongeze kimo cha jeneza.

Mkewe alirithi nyumba, na kitanda alichozoea kulala ukingoni. Bibi mjane alirithi kisu. Mlingoti alirithi gereji, spana zote, na ile sheria, akaiandika ukutani kwa rangi nyekundu. Na mtoto wa Mlingoti, aliyezaliwa wiki ya mazishi, hulala mikono imeinuka. Watu husema watoto wachanga wote hulala hivyo, na ni kweli. Ila huyu vidole vyake hukunjwa kama vimeshika kitu, na kila asubuhi mama yake humwosha viganja kwa sabuni mara tatu, na harufu ya mpira haitoki.