Kiganja Ndani ya Boila

Giza lilikuwa linaanza kuingia msimamizi alipomwambia mpimaji wa nyufa za chuma, "Dada, malizia boila la tatu. Kesho asubuhi linawashwa."

Mpimaji alibeba mashine yake akaingia karakanani peke yake. Mwaka ulikuwa umepita tangu boila la pili lipasuke kwa mvuke na kumuua mumewe, fundi wa kuchomelea. Yeye mwenyewe ndiye aliyelipima, akasaini kwamba ni zima. Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomla roho.

Akatelezesha kihisi juu ya chuma, taratibu. Koili yake, waya uliozungushwa ndani ya kihisi, iliamsha umeme ndani ya chuma, ukizunguka kama maji kwenye ndoo iliyokorogwa. Penye ufa umeme hujipinda, na skrini huonyesha doa.

Hapakuwa na doa.

Kisha... harufu. Harufu ya chuma kinachochomelewa. Wala hakuna aliyekuwa akichomelea.

Ngo... ngo... ngo...

Kutoka ndani.

Alimulika tochi kwenye mlango wa boila. Tupu. Akarudi kwenye skrini. Doa lilikuwa limejichora. Kiganja. Kidole cha mwisho kilikuwa nusu, kama cha marehemu mumewe, kilichokatwa na msumeno ujanani.

"Baba Pacha?" alinong'ona.

"Usisaini, mama..." sauti ya mumewe ikatoka ndani ya boila.

Alimwita msimamizi. Msimamizi akapima mwenyewe, asione kitu.

"Pole, dada. Ni majonzi hayo. Tia sahihi twende nyumbani."

"Sisaini. Nifukuze ukitaka."

Asubuhi, kwa shingo upande, mafundi wakalijaribu kwanza kwa kulijaza maji baridi na kuyasukuma kwa pampu. Likapasuka palepale. Watu wakalowa tu. Ungekuwa mvuke, wasingebaki hai.

Walimpongeza. Ufa ulikuwa umejificha upande wa ndani, wakasema, ndiyo maana msimamizi hakuuona. Habari ya kiganja hakumwambia mtu.

Jioni alirudi, akapitisha kihisi kwenye chuma kilichopasuka. Mara kumi. Mara ishirini.

"Umenisamehe?" aliuliza. "Au umewaonea huruma wenzako tu? Niambie, baba."

Skrini ilionyesha ufa. Ufa wa kawaida, basi.

Siku hizi akipima chuma kikaonekana kizima, wenzake hufurahi. Yeye, aliyetamani kukiona tena kile kiganja, huugeukia ukuta na kujifuta macho.