Bi Mkubwa Hakuagwa

Shati la fundi lilirudi nyumbani likinuka marashi, na mkewe hakuwa mtu wa kuiachia harufu kama ile ipite. Alilinusa kolani, kwapani, mpaka mfukoni. Wivu ukampanda.

"Nani huyo?"

"Ni chumba cha mashine tu. Hata mimi sijui inatoka wapi," fundi akasema, na masikini, alikuwa anasema kweli.

Ofisini kwao kompyuta kuu, iliyowahudumia wafanyakazi wote, waliibandika jina la Bi Mkubwa, kwa kuwa fundi aliitunza miaka mingi kabla hajaoa. Mkewe wakamwita Bi Mdogo. Hakucheka hata siku moja.

Kesho yake mchana alimfuata kazini. Chumbani hamkuwa na mwanamke. Kulikuwa na baridi, mvumo wa feni, na marashi yaleyale. Fundi ameinama mbele ya kioo cha kompyuta, jasho linamtoka.

"Anajishusha mwenyewe," alinong'ona. "Sijamwamuru."

"Kujishusha vipi?"

"Hii inaendeshwa na mfumo uitwao Unix, haizimwi kama taa. Inashuka ngazi, na kila ngazi ina amri zake zinazokwenda kwa zamu: barua, simama; kumbukumbu, funga; mtandao, toka. Kila kimoja kinamaliza kilichokuwa kinaandika ndipo kinaondoka. Ikifika sifuri imelala salama. Lakini huyu kila siku anaishia ngazi namba moja, kabla ya sifuri."

"Kuna nini huko?"

"Anabaki mtumiaji mmoja. Wengine wote wanatolewa." Akaonyesha jina lake kwenye kioo. "Ananibakiza mimi."

Maandishi yalikuwa yanateremka kwenye kioo, sawa, sawa, sawa, na ndani ya mvumo wa feni Bi Mdogo akasikia kitu kama mwanamke anayecheka puani. Damu ikamchemka. Yaani ashindane na sanduku? Akaukamata waya wa umeme ukutani.

"Usichomoe! Hajaagwa! Atabaki nusunusu, atatafuta pa kumalizia!"

Akauchomoa. Feni zikanyamaza, marashi yakakatika, naye akatoka pale kifua mbele.

Jioni walikuwa mezani, wao wawili na mama mkwe, redio ilipokatika katikati ya habari. Kisha feni ikasimama. Kisha friji ikaguna, ikatulia, na taa zikafuata. Mama mkwe, aliyekuwa anamsema jirani, akamalizia sentensi yake vizuri, akaweka kijiko chini, akainuka na kutoka nje bila kumtazama mtu.

"Ni zamu," fundi akanong'ona. "Mke wangu, nishike."

Akamng'ang'ania kwa mikono miwili, kwa sababu huyu ni wake, wake peke yake, lakini marashi yakaingia kwa chini ya mlango, na vidole vyake vikaachia kimoja baada ya kingine kama vilivyoamriwa, na miguu yake ikamwinua, ikampitisha sebuleni na kibarazani hadi uani alikosimama mama mkwe akitazama ukuta, na nyuma yake mlango ukajifunga taratibu, bila kishindo.

Alirudi akaupiga kwa ngumi. Alifungua kinywa aite, sauti haikutoka.

Ndani, gizani, mumewe aliita, "Mke wangu? Umeenda wapi?"

"Nipo hapa," sauti ya Bi Mdogo ikajibu kulekule ndani, na yeye, nje ya mlango, akamsikia fundi akishusha pumzi kwa faraja.