Tundu la Tano

Usigeuze uso. Wewe unayesoma, umewahi kuona jambo baya likipita mbele yako ukainama kufunga kamba za viatu. Leo utatazama mpaka mwisho.

Mtazame Sindano, msichana wa miaka kumi na miwili, mwembamba kama jina alilobandikwa shuleni. Kila alasiri alivua sare, akaingia karakana ya baba yake, fundi wa magobore. Alikata vitambaa, akavipaka mafuta, akafuta masizi ndani ya mtutu kila baada ya risasi. Bila kufuta, risasi ya pili haiendi ilikokwenda ya kwanza.

Magobore yao yalikuwa madogo, ya kuwindia sungura. Risasi zake hazizidi punje ya njegere. Moja ikienda pembeni kidogo tu, sungura anakimbilia kichakani na jeraha. Kwa hiyo kila gobore lilijaribiwa risasi tano, ubao ukiwa hatua arobaini. Matundu yote matano yakifunikwa na kikombe kimoja cha chai, limefaulu. Mwenye gobore alikabidhiwa pamoja na ubao wake, auone kwa macho yake.

Alhamisi moja ilikuwa zamu ya gobore la Baba Kicheko, jirani yao, lililoletwa kutengenezwa. Fundi alifyatua mara tano. Kwa kuwa goti lake lilikuwa bovu, Sindano ndiye aliyekwenda kuchukua ubao. Matundu manne yalikaa pamoja. La tano lilikuwa shubiri nzima kushoto.

Hiyo maana yake ni kuchemsha maji, kuosha mtutu, kuukausha na kuanza upya. Na nje ya ua Kicheko, rafiki yake, alikuwa akiita, "Sindano! Njoo turuke kamba! Au umeolewa na hayo masizi?"

Sindano alipitia nyuma ya jiko alimokuwa mama yake, akaokota kipande cha mshumaa. Aliziba tundu la tano kwa nta, akasugua vumbi juu yake.

"Mbona manne?" fundi aliuliza.

"Mbili zimepita tundu moja, baba."

"Tundu moja!" Fundi alicheka, akajipiga kifua. "Na bado wananiita mzee!"

Ijumaa, wakati wa mapumziko, Kicheko alikuja akirukaruka. "Kesho asubuhi naenda kuwinda na baba! Yeye anakaa na gobore, mimi natangulia kushoto kwake, napiga vichaka sungura watoke."

"Kushoto?"

"Sasa unaogopa nini? Baba amepewa ubao wenu. Anasema atang'oa sikio la sungura aache kichwa!"

Jioni ile Sindano alirudi karakanani. Mara tatu Sindano alimwendea baba yake, mara tatu akauliza jambo jingine. Kulipopambazuka alitoka mbio bila viatu.

Aliwakuta ukingoni mwa shamba. Kicheko alikuwa ameshatangulia, fimbo mkononi. Baba Kicheko alikuwa ameegemeza gobore begani, jicho moja limefumbwa.

"Usipige! Baba Kicheko, usipige!"

"We mtoto, umewatimua sungura wangu!"

"Gobore halijafaulu. Nilidanganya."

"Ubao si huu hapa?" Aliutoa mfukoni mwa begi lake. Sindano aliunyakua, akabonyeza kwa dole gumba. Nta ikadondoka. Mwanga wa jua ukapenya pale, mbali na matundu mengine.

Baba Kicheko alilitazama tundu, akamtazama binti yake kule vichakani, kushoto. Akaliweka gobore chini taratibu, akaketi palepale.

Walirudi karakanani, Sindano akamweleza baba yake yote. Fundi alilijaribu gobore tena. Risasi mbili kati ya tano zikapotea kushoto. Alipopitisha kidole kwenye mdomo wa mtutu, alikuta upande mmoja umelika. Ule mdeki wa chuma, fimbo ya kushindilia risasi, uliusugua miaka na miaka. Aliukata mdomo huo kwa upana wa kidole, akasawazisha kwa tupa, akachonga mdeki wa mti. Sindano aliosha mtutu mara nne bila kutumwa. Safari hii kikombe kilifunika matundu yote.

Ndipo mama yake aliposema, akiwa mlangoni, "Nilikuona na mshumaa, mwanangu. Nikajiambia mambo ya karakana hayanihusu. Wewe ulidanganya, mimi nilinyamaza, na mtoto wa watu alikuwa njiani kufa. Tumekosa sote."

"Kosa la gobore linatengenezeka," fundi alisema. "Kosa lililofichwa halina fundi. Sema siku ileile, hata ukitukanwa."

Sindano alisema siku ya tatu, na akawahi. Wako wengi ambao hakuna aliyewawahi. Kwa hiyo usingoje kesho. Kama unajua ngazi iliyooza shuleni, waya ulio wazi nyumbani, au breki ya baiskeli ya rafiki yako isiyoshika, funga kitabu hiki. Inuka. Nenda kaseme sasa hivi.