Jini Lisilo na Mti

Ilianza kwa jambo dogo tu: Melur, mtoto wa miaka sita, alisukuma sahani ya wali, akaomba apewe maua ale. Mama yake, Nurhayan, akacheka. Lakini alipokuwa akimsuka alisikia harufu ya asali mbichi nyweleni, na kifuani mwa mtoto mvumo, kama wa nyuki waliofungiwa chumbani.

"Melur, unaimba?"

"Si mimi, Mama. Ni dada. Anasema kwao kumeanguka."

Nurhayan akamtazama mumewe. Syarkawi akainamisha kichwa. Yeye ndiye aliyekuwa akiukwea mti mkubwa wa ukoo, mrefu kuliko miti yote ya msitu ule wa Riau, akiliimbia jini lililoishi humo kwa mahaba, akiliita dada, ndipo nyuki waachie asali. Babu zake walifanya vivyo hivyo, na mti ukalisha kijiji kizima. Halafu ikaja kampuni ya michikichi, na Syarkawi akawaongoza wenye misumeno mpaka shinani.

"Wangeukata hata bila mimi," alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Mvumo ukazidi. Mtoto akawa hali, halali, ngozi ikimpasuka kama gome, na kila jua likitua husimama uani kaelekea kule kwenye kisiki cha mti ule, mikono kaitandaza, akilia kwa sauti ya mwanamke mzima aliyefiwa, hata majirani wakawa wanafunga madirisha na mbwa kujikunyata chini ya nyumba.

Akaitwa Mak Uyun, mganga. Akafukiza ubani.

"Toka. Mtoto hana kosa."

"Nitoke niende wapi, Bibi?" jini likajibu kinywani mwa Melur.

Mak Uyun akaweka chetezo chini. "Majini yote mimi huyarudisha kwao," akanong'ona. "Hili halina kwao tena. Nikilitoa hapa, litamwingia mwingine."

Syarkawi akapiga magoti. "Njoo kwangu, dada."

"Baba Melur, usithubutu!" Nurhayan akamshika shati.

"Sasa nimwache mtoto afe?"

Akaanza kuimba, taratibu, kama alivyokuwa akiimba juu matawini. Mvumo ukahama. Melur akaangukia mikononi mwa mama yake, akaomba maji.

Tangu hapo Syarkawi hakusema neno. Alikwenda akasimama juu ya kisiki, na nyuki wakatua mabegani mwake, wakaanza kujenga. Nurhayan alimpelekea wali kila siku, lakini mumewe hakuugusa.

Trekta la kung'oa visiki lilipofika, lilimkuta Nurhayan ameketi miguuni pa mumewe.

"Huyu ni mume wangu," akamwambia dereva. "Huyu hamumkati."