Ngata za Kibata

Nyangeta anakaa kisiwani, katikati ya ziwa kubwa. Nyuma ya nyumba yao kuna migomba. Mbele ya nyumba yao kuna maji, maji, maji.

Mama yake ana mtumbwi. Ni mtumbwi mdogo wa manjano, na jina lake ni Kibata.

Kila Jumamosi Kibata huwapeleka kwa Bibi, ng'ambo ya maji. Mama hupiga kasia. Nyangeta huchota kwa kopo maji yaliyoingia na kuyamwaga nje. Hiyo ni kazi yake, na hamwachii mtu.

Zamani Kibata alikuwa akilala mchangani. Siku hizi pana gati jipya la saruji. Ni refu. Ni gumu. Halisogei hata kidogo. Mitumbwi yote sasa hufungwa hapo, na Kibata pia.

Basi Ijumaa moja asubuhi, meli kubwa ikaja.

Puuuuu, ikalia meli.
Chwaa, chwaa, yakaja mawimbi.

Na Kibata akaligonga gati.
Ngo, ngo, ngo.

Ungedhani anapiga hodi. Lakini gati halina mlango, wala halikuitika.

Nyangeta akakimbia kumtazama. Rangi ya manjano imebanduka. Na ubavuni, ona, pana ufa mwembamba kama unywele.

"Mama, Kibata anaumia."

Mama akapitisha kidole kwenye ufa. "Kweli, mwanangu, anaumia. Ufa huu ukikua, maji yatamjaa. Hataweza kutupeleka kwa Bibi tena."

Nyangeta akaushika ubavu wa Kibata. Kibata asiende kwa Bibi? Abaki hapa akigongwa kila siku? Alimwonea huruma sana.

"Pole, Kibata," akamwambia. "Mimi nipo."

Akafikiri. Akafikiri tena. "Nikimbana asisogee, hataweza kugonga."

Akaivuta kamba. Akaifupisha. Akapiga fundo. Juu ya fundo akapiga fundo. Halafu akapiga jingine, maana Nyangeta anapenda mafundo.

Saa ya mchana, meli ikarudi.

Puuuuu, ikalia meli.
Chwaa, chwaa, yakaja mawimbi.

Maji yakapanda. Kibata naye akataka kupanda. Kamba ikamkatalia. Akainama upande mmoja, akajikwaruza gatini.

Kwaruuu.

Maskini Nyangeta. Alimbana kwa kumpenda, na kumbe anamwumiza.

Mama akaja mbio. Akahangaika na yale mafundo mpaka jasho likamtoka. "Mafundo gani haya, jamani," akasema.

Kisha akamwona Nyangeta anafuta machozi. Akamkalisha karibu naye.

"Nikikubeba mgongoni, kanga inakushika au inakukaba?"

"Inanishika."

"Na kamba ni hivyo hivyo. Imshike, isimkabe. Maji yakipanda, apande. Yakishuka, ashuke."

Mama akailegeza kamba. Kibata akapumua. Akapanda na maji, akashuka na maji.

Lakini upepo ulipovuma kidogo tu, akalisogelea gati tena.
Ngo, ngo, ngo.

Akapita Mjomba Malima, kaka yake Mama. Yeye ana boti kubwa ya kubebea samaki, nayo imefungwa matairi pande zote.

"Mpe tairi," akasema Mjomba Malima. Akaleta tairi moja, akalining'iniza ubavuni mwa Kibata.

Ala. Kibata akainama kama ng'ombe anayetaka kulala. Maji yakaanza kuingia, gulu gulu gulu.

"Mjomba, litoe," akasema Nyangeta. "Tairi ni zito kuliko Kibata."

Mjomba Malima akalitoa. Akajikuna kichwa, akaenda zake.

Nyangeta akaketi gatini, miguu ikining'inia. Meli ya jioni itakuja. Kesho ni Jumamosi. Na ule ufa bado upo.

Mama akaenda kuchota maji. Alijaza ndoo mpaka juu. Akaizungusha kanga yake ya zamani, akaikunja duara. Akaiweka kichwani. Hiyo ndiyo ngata. Juu ya ngata akaweka ndoo.

Nyangeta ameiona ngata maisha yake yote. Leo akaitazama.

"Mama, kwa nini unaweka ngata?"

"Ndoo ni ngumu, kichwa changu kinauma. Ngata inakaa katikati."

Inakaa katikati.

Nyangeta akalitazama gati. Gumu. Akamtazama Kibata. Anaumia. Katikati yao hapakuwa na kitu.

Nyangeta akatoka mbio mpaka kwenye migomba. Akaokota majani makavu, mkono mmoja, mikono miwili, mpaka uso wake haukuonekana.

Zungusha, zungusha.
Kunja, funga.

Ngata ya kwanza ilitoka pembe pembe. Ya pili ikafumuka, akaisuka upya. Mama akatua ndoo, akakaa chini, akasuka pia.

Zungusha, zungusha.
Kunja, funga.

Wakazitundika ubavuni mwa Kibata, upande wa gati. Ngata zikapangana kama maandazi.

Mjomba Malima akapita tena. Akasimama. "Huyu mtumbwi ana ngata? Tangu lini akabeba ndoo?"

"Cheka tu," akasema Mama.

"Vijani hivi vitaizuia meli?"

"Kaka, wembamba wa reli, treni inapita."

Mjomba Malima akakunja mikono, akangoja aone.

Puuuuu, ikalia meli.
Chwaa, chwaa, yakaja mawimbi.

Nyangeta akamshika Mama mkono. Akataka kufumba macho, lakini hakufumba.

Kibata akapanda na maji. Akashuka na maji. Akalisogelea gati, akaliegemea.

Pwi.

Akaliegemea tena.

Pwi, pwi.

Hakuna ngo. Hakuna kwaruuu. Ni pwi tu, kama mtoto anayeweka kichwa kwenye mto.

Nyangeta akainama, akautazama ufa. Ulikuwa vile vile, mwembamba kama unywele. Haukukua. Mama akasema watauziba kwa lami asubuhi, kisha waende kwa Bibi.

Nyangeta alifurahi mpaka akaruka ruka pale gatini.

Mjomba Malima akakohoa. "Mpwa wangu."

"Abee, Mjomba."

"Ule mtumbwi wangu mdogo, ule wa buluu. Nao unagongwa gongwa. Huwezi kuusukia mbili tatu?"

"Nitausukia," akasema Nyangeta. "Ila majani ulete mwenyewe."

Mama akacheka mpaka akaishika ndoo isimwagike.

Usiku ukaingia. Nyangeta akanawa miguu, akapanda kitandani. Mama akamfunika shuka.

Nje, maji yalikuwa yanacheza. Nyangeta akatega sikio. Hakusikia kitu. Akatega tena.

"Mama, Kibata amelala?"

"Amelala."

"Haumii?"

"Haumii, mwanangu. Umemkinga. Nawe lala sasa, kesho kuna maji ya kuchota kwa kopo."

Nyangeta alikuwa ameshalala.

Basi nasi tulale, kipenzi. Gatini kumetulia, na hapa kwetu pia.