Sentensi ya Kila Asubuhi

Asubuhi ilikuwa tulivu. Fundi cherehani aliketi kitandani, dirisha wazi, akisikia majirani wakifagia, akamshukuru Mungu kwamba ameamka bila homa. Saratani ya damu ilikuwa imemtesa miaka miwili na dawa zote zimegonga mwamba. Ndipo madaktari wakatoa chembe za kinga kwenye damu yake, wakazibadilisha vinasaba maabara ili ziitambue saratani, wakamrudishia mwilini.

"Ila zikichachamaa huvuruga ubongo," daktari alimwonya mumewe siku ya kuruhusiwa. "Kila asubuhi aandike sentensi ile ile kwenye daftari hili, nawe uitazame na utie sahihi. Mwandiko ukiharibika, mlete hapo hapo."

"Daktari, mimi sibanduki."

Kweli hakubanduka. Siku tano! Jumatatu, drafti ya barazani ikamwita.

"Mama watoto, andika za wiki nzima leo."

"Daktari kasema kila siku."

"Daktari anakaa humu? Andika, usinichoshe."

Akaandika mara saba, Jumatatu hadi Jumapili: Cherehani yangu inanisubiri. Mistari imenyooka kama mshono. Mume akatia sahihi zote, akatoka.

Jumatano shoga yake, mwalimu, alikuja kumjulia hali. Fundi alitaka kumwambia avute kiti. Neno likamkimbia. Alilitafuta kila pembe ya kichwa.

"Vuta mkasi, shoga."

Mwalimu akacheka, kisha akaona macho ya mwenzake yanaelea. Akafungua daftari.

"Leo Jumatano. Mbona Jumapili imeshaandikwa?"

Akampa kalamu. Fundi alijua anachotaka kuandika, lakini mkono ulichora michirizi tu. Mwalimu akampigia mume simu.

"Mlaze kidogo, shemeji, namalizia mchezo."

"Lala wewe! Mimi nampeleka."

Siku tatu hospitalini fundi hakumtambua hata mwanawe. Muuguzi alimfunulia mume daftari mbele ya watu: "Sahihi hizi zako?" Aibu iliyoje, jamani! Watu wamehangaika maabara hadi chembe za damu zikajua la kufanya, na mwanamume mwenye macho mawili kashindwa kutazama ukurasa mmoja!

Mungu alimrehemu fundi. Siku ya kumi na mbili aliomba kalamu. Cherehani yangu inanisubiri, aliandika, herufi zimepinda. Daftari akamkabidhi mwalimu.

FUNZO

Ndugu zangu, tiba hata iwe mpya kiasi gani, haina macho. Macho ni yako wewe unayeuguza. Ukiahidi kumlinda mgonjwa, mlinde. Ukichoka, sema mapema apewe mwingine. Lakini ukitia sahihi kwamba kesho yuko salama, na kesho yenyewe hujaiona, umemdanganya daktari, na anayelipa ni yule aliyelala kitandani akikuamini.